Mwenye Kuuliza Yuko Mlangoni



Juma lililopita nilipokea barua ya kijana mmoja wa Kadutu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sekondari. Jina lake nalificha, kwa kuwa hakunipa ruhusa ya kulitaja. Ameniandikia kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, ila yaonekana kalamu ilishikwa kwa hasira. Asema kwamba mwenzake wa darasa, ambaye husali katika kanisa moja la uamsho, alimkabili saa ya mapumziko mbele ya wanafunzi wengine, akamwuliza maswali manne mfululizo. Kwa nini mnamwita padri "Baba," na hali Yezu alikataza? Kwa nini mwazipigia sanamu magoti? Kwa nini mwamwambia mtu dhambi zenu badala ya kumwambia Mungu? Na la mwisho: dini yenu si ya Wazungu? Kijana wetu hakuweza kujibu hata moja. Wenzake wakacheka. Naye akamkamata mwulizaji ukosi wa shati, na kama mwalimu wa zamu asingetokea wangalipigana. Sasa aniomba nimpe "majibu makali ya kumnyamazisha."

Ndugu yangu mdogo, majibu nitakupa, maana ni haki yako. Tena ni aibu yetu sisi walimu na wazazi kwamba umefika mwaka wa nne bila kuyapata. Lakini majibu ya kumnyamazisha mtu sina, na kama ningekuwa nayo nisingekupa. Kwanza nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo hadi leo sipendi kulikumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimetoka seminari karibuni, niliishi jirani na fundi mmoja wa viatu. Alikuwa mtu mpole, baba wa watoto watatu, aliyebatizwa utotoni lakini asiyeonekana sana kanisani. Binti yake wa pili alishikwa na homa siku ya Jumanne, na Ijumaa tukamzika. Jioni ya siku ile fundi alikuwa ameketi nje penye kibao chake cha kazi. Aliponiona akaniita, akasema: "Mwalimu, wewe umesoma mambo ya Mungu. Niambie, alikuwa wapi?"

Basi nikajibu. Lo, jinsi nilivyojibu! Nilimweleza kwamba uovu si kitu chenye kuwa kwake, bali ni upungufu wa wema, kama alivyofundisha Mtakatifu Augustino. Nikapambanua kati ya Mungu kutaka na Mungu kuruhusu. Nikaongeza habari za uhuru wa viumbe na mpango wa milele. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na mwalimu wangu wa falsafa angalinipa alama nzuri. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akainama, akasema: "Asante, Mwalimu." Tangu siku ile alinisalimu kila asubuhi kwa heshima, wala hakuniuliza neno tena. Kwenye Misa sikumwona, hata Pasaka.

Nilikuwa na jibu, ila sikuwa nimelisikia swali.

Katika shirika letu la kikristu palikuwa na mama mmoja mzee ambaye hajui kusoma. Yeye alikwenda kwa fundi na kipande cha sabuni na unga kidogo, akaketi mkekani pamoja na mama wa marehemu siku tatu. Alichota maji, akawaogesha watoto waliobaki, akasali rozari kwa sauti ya chini. Hakufundisha kitu. Ikapita miezi, na siku moja fundi akamwuliza kwa nini alijitaabisha hivyo kwa ajili ya watu ambao hata si wa ukoo wake. Naye akamjibu, kama nilivyosimuliwa na fundi mwenyewe baadaye: "Baba, nimezika wanne. Kila nilipozika, alikuja mtu kuketi nami. Walisema wametumwa na Yezu. Nami nimetumwa." Mwaka uliofuata fundi alirudi kanisani, na jina la mama yule ndilo alilolitaja alipoulizwa sababu. Langu hakulitaja, wala hakukosea.

Nasema haya kwa sababu watu wengi wanapozungumza juu ya kuitetea imani hutaja ile Barua ya kwanza ya Mtume Petro, sura ya 3, aya ya 15. Ni vizuri. Lakini tuisome polepole. Mtume aliwaandikia wakristu wachache waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bitinia, watu wanyonge waliosingiziwa mambo mengi na majirani wao. Hawaagizi kwenda kutafuta mabishano. Awaagiza wawe tayari kumjibu yule atakayewauliza sababu ya matumaini yaliyomo ndani yao. Maana yake, jirani ameona kwanza kitu fulani: amewaona watu hawa wakitumaini mahali ambapo yeye angekata tamaa, akashangaa, akauliza. Kisha Mtume aongeza kwamba jibu litolewe kwa upole na kwa heshima, na dhamiri njema. Sisi twapenda kusoma nusu ya kwanza ya aya na kuiacha ya pili. Na ukosi wa shati la mwenzako, ndugu yangu, unahusu ile nusu ya pili.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Wako wanaosema: "Maisha mema yatosha, maneno hayana kazi." Hiyo mara nyingi ni kauli ya mvivu. Yule mama mzee alipoulizwa alijibu, tena alijibu vizuri, kwa maneno yasiyozidi pumzi mbili. Kama angetabasamu tu na kwenda zake, fundi angebaki na shukrani bila kujua wa kumshukuru. Tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini Bukavu, swali la fundi limekuwa swali la nyumba nyingi, na mtu hawezi kulikwepa kwa kusema kwamba yeye si padri.

Basi tuyatazame maswali yako.

Juu ya jina la "Baba," ni kweli kwamba katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo Yezu awaambia wafuasi wake wasimwite mtu baba duniani. Lakini mwenzako asome sura yote, wala asichukue mstari mmoja. Hapo Bwana anawakemea watu waliopenda viti vya mbele na salamu za sokoni. Tena, katika maneno hayo hayo akataza kuitwa mwalimu na kiongozi, na sidhani kwamba mwenzako huacha kumwita mwalimu wenu wa hesabu "Mwalimu." Mtume Paulo, ambaye bila shaka aliijua nia ya Bwana, awaambia Wakorinto katika Barua ya kwanza, sura ya 4, kwamba yeye ndiye aliyewazaa kwa Injili, na kwa hiyo ni baba yao. Sisi twamwita padri Baba kwa maana hiyo. Lakini padri akilipenda jina hilo kwa majivuno, hapo mwenzako ana haki, na maneno ya Yezu yampata padri huyo sawasawa. Umkubalie bila kusita.

Juu ya sanamu nitakupa mfano wa nyumbani. Umeniandikia kwamba bibi yako alifariki mwaka jana na kwamba picha yake imetundikwa sebuleni. Mama yako akiifuta vumbi na kusimama mbele yake huku machozi yakimtoka, je, aabudu karatasi? Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, chakataza kuchonga sanamu za kuabudiwa. Sura ya 25 ya kitabu hicho hicho, Mungu yule yule aamuru wachongwe makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Mungu hajipingi mwenyewe. Lililokatazwa ni kukipa kiumbe heshima iliyo ya Mungu peke yake. Jambo hili lilisumbua Kanisa la Mashariki muda mrefu, hata damu ikamwagika, na Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Ukikumbuka mwaka huo ni vizuri, lakini ukikumbuka picha ya bibi yako utaeleweka upesi zaidi.

Juu ya maungamo sitasema mengi. Soma Injili ya Yohane, sura ya 20, aya ya 21 hadi 23, na umwachie mwenzako aisome mwenyewe kwa sauti. Kisha jiulize wewe mwenyewe uliungama lini.

Swali la nne lahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa maana si mwenzako tu anayeliuliza. Vijana wengi wa mji huu wenye akili nzuri huliuliza moyoni, na wakikosa jibu huondoka kimya kimya.

Fungua Matendo ya Mitume. Katika sura ya 8 Filipo amkuta njiani Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake, ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo amwuliza kama anaelewa asomayo. Yule mtu akiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, kisha amkaribisha garini, na kabla ya safari kwisha amebatizwa. Kornelio, jemadari Mrumi, abatizwa katika sura ya 10. Basi katika kitabu hicho Mwafrika ametangulia sura mbili mbele ya mtu wa Ulaya! Mtakatifu Augustino, niliyemtumia vibaya mbele ya fundi, alizaliwa Tagaste na kuwa askofu wa Hipo, nchi ambayo leo ni Algeria. Atanasi alikuwa askofu wa Aleksandria katika Misri. Perpetua na Felisita, bibi na mtumwa, waliuawa pamoja kwa ajili ya imani huko Karthago mwaka 203. Na katika Kongo yetu, huko magharibi, mfalme Nzinga Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, zaidi ya miaka mia nne kabla ya Mapadri Weupe kufika Bushi mwaka 1906.

Lakini usikomee hapo, kwa sababu mwenzako aweza kukuambia: "Sawa, lakini kwetu walioileta ni Wazungu, nao waliandamana na wenye viboko." Hapo usiseme uongo ili kulitetea Kanisa, Kanisa halihitaji uongo wako. Mwambie habari za Isidori Bakanja. Kijana huyu, mwashi wa nchi ya Ekwateri, alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, akawafundisha wenzake kusali. Wakala mmoja wa kampuni ya Kibelgiji, mtu aliyebatizwa katika nchi ya wakristu, alimchukia kwa sababu hiyo, akaamuru apigwe kwa mjeledi uliotiwa misumari. Bakanja alikufa kwa majeraha yale mwaka 1909, akimsamehe aliyemtesa na kuahidi kumwombea. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Sasa mwulize mwenzako: kati ya wale wawili, dini ile ilikuwa ya nani? Mwache afikiri. Usimharakishe.

Tena imani ile haikubaki kama nguo ya kuazima. Padri Vincent Mulago, mzaliwa wa Kivu hii yetu, alikuwa mmoja wa mapadri Waafrika walioandika pamoja kitabu kilichotoka Paris mwaka 1956 chenye maswali yao juu ya Kanisa katika Afrika. Yeye alieleza jinsi udugu wa kuchanjiana damu na kula pamoja, waliokuwa nao wazee wetu, ulivyowaandalia njia ya kuielewa Ekaristi. Huo ndio utetezi niupendao. Aliingia nyumbani kwa wazee wake, akakuta pale mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya Kristu.

Waniuliza pia, "Nijitayarishe namna gani?" Wazee wetu walikaa ukatekumeni miaka minne, kadiri ya kanuni ya Kardinali Lavigerie, kabla ya kupokea ubatizo. Siku hizi mtoto akikosa mafundisho ya Jumamosi mbili kwa sababu ya mpira, mama amwombea ruhusa kwa katekista. Sisemi turudi nyuma, kwani wazee wengi walijua maswali na majibu yote kwa kichwa, lakini swali likija limevaa nguo nyingine hawakulitambua. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, uliwahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara nyingi. Kwa hiyo chukua Injili ya Marko, ambayo ni fupi, usome sura moja kila jioni kabla taa haijazimwa au umeme haujakatika. Utaimaliza kwa siku kumi na sita. Penye neno usiloelewa, liandike, ulilete kwenye shirika. Usiogope kwamba watu watakucheka. Mara nyingi utaona wazee watatu wakisogeza viti mbele, kwa kuwa wao nao walitaka kuuliza jambo lile lile tangu zamani.

Liko zoezi jingine, nalo ni gumu zaidi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Suma yake, kila anapotaka kufundisha jambo huanza kwa kutaja hoja za wanaolipinga. Hazidhoofishi, bali hujitahidi kuzisimamisha vizuri, pengine kuliko wenyewe walivyoweza. Kisha ndipo hujibu. Seminarini mwalimu wetu alitulazimisha kufanya hivyo, na wengine tulinung'unika kwamba atufanya mawakili wa shetani. Leo namshukuru. Mtu asiyeweza kueleza mawazo ya mwenzake hata mwenzake akasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini," bado hajawa tayari kumjibu. Basi, kabla ya kumjibu yule mwanafunzi, jaribu kuandika kwenye daftari lako kwa nini yeye alipenda kanisa lake. Huenda utagundua kwamba huko walimwita kwa jina lake siku ya kwanza, na kwetu alikaa benchi la nyuma miaka mitatu bila kusalimiwa. Hilo nalo ni swali, na jibu lake halimo katika Mtaguso wa Nisea.

Tena jifunze kusema, "Hilo silijui, nitauliza." Hakuna aibu. Mwongo akikamatwa mara moja, hata kweli zake tisa hazisadikiwi.

Siwezi kumaliza bila kuwataja wale ambao katika nchi hii waliulizwa swali na hawakupewa muda wa kusoma kitabu. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri wa jimbo Albert Joubert, waliuawa siku moja. Walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walikuwa huko. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kubaki na watu wake wakati vita vilipokaribia mji na wengi walipokimbia. Na ng'ambo ya ziwa letu, mjini Goma, Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi ya kukagua vyakula mpakani, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru maskini. Wakamuua Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025.

Mtazame huyo wa mwisho, wewe mwanafunzi, kwa sababu umri wake unakaribia wako. Swali lake halikuwa juu ya sanamu. Liliwekwa mbele yake kwa namna ya fedha: wasadiki kweli kwamba maskini usiyemjua ni ndugu yako, au ni maneno ya kanisani tu? Na usidhani kwamba alilijibu siku ile bila matayarisho. Alikuwa amezoea kusali pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na kuwahudumia watoto wa barabarani wa Goma. Jibu lilikuwa limekwisha tayarishwa huko, siku za kawaida, kabla ya mtu yeyote kumtolea bahasha.

Sasa nirudi kwako. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, mwendee mwenzako umwombe radhi kwa ajili ya ule ukosi wa shati. Usichanganye radhi na mafundisho. Mwombe radhi tu, kisha unyamaze. Akitaka kuzungumza, mwambie kwamba maswali yake yalikuwa mazuri na kwamba umeyapeleka kwa mtu. Mimi huwa nafundisha Jumamosi alasiri baada ya mazoezi ya kwaya, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na mlango huwa wazi. Njoo naye, alete Biblia yake, nawe ulete yako, na lile daftari. Fundi wa viatu pia huja siku hizi, huketi karibu na dirisha, na maswali yake ni magumu kuliko yenu.